Kidaka Kilichoachwa Wazi

Katika mji wetu mwanamke hakunyang'anywa mwili wake kwa siku moja. Angenyang'anywa kwa siku moja angepiga kelele, na majirani wangekuja. Mwili ulichukuliwa kidogo kidogo, kwa upole, kwa mkasi mdogo wa kukatia kucha. Na mkasi ule haukuanza na nyama. Ulianza na karatasi.

Vitabu vilitufikia kutoka miji ya Waarabu, miji ambayo sisi tuliijua kwa harufu ya ubani wake tu. Vilikuwa riwaya, zilizoandikwa na wanawake. Kila kitabu kilipita kwanza forodhani, na forodhani walikaa Wakataji. Msidhani walikuwa watu wabaya. Mmoja wao nilimwona akichana ukingo wa kanzu yake mwenyewe ili amfunge kidole mtoto aliyejikata. Mwingine alikuwa akimpulizia chai mwenzake mwenye jino bovu. Lakini kazi yao ilikuwa hiyo. Kila palipoandikwa shingo ya mwanamke, au kifua chake, au tumbo, au paja, au pale ambapo mwanamke mwenyewe ametaka kitu, walikata. Walikata neno tu. Ukurasa wenyewe waliupangusa, wakaulaza sawasawa, wakafunga jalada kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Kitabu kikatoka kina madirisha. Na kwa kuwa karatasi ina pande mbili, neno lililoandikwa nyuma likaenda pamoja na lile lililokatwa. Ndiyo sababu katika riwaya zile palikosekana pia maneno yasiyo na kosa lolote: mkate, ngazi, mama, kesho. Nimelifikiria sana jambo hili. Ukikata shingo ya mwanamke upande huu, upande wa pili mtu anakosa mkate.

Swali lililonikalia umri wangu wote ni moja. Kitu kilichonyimwa jina hufa, au husubiri?

Tulisoma siku ya Alhamisi baada ya alasiri, ukumbini kwangu, ambao zamani ulikuwa wa bibi yangu. Katika mji ule Alhamisi ilikuja mara nyingi. Wakati mwingine Alhamisi ilifuatwa na Alhamisi nyingine, na sisi wanawake hatukulalamika, kwa sababu ndiyo siku ya kuosha nywele. Msomaji alikaa katikati. Alisoma Kiarabu kwa macho na kutupa Kiswahili kwa mdomo. Akifika penye tundu, alinyanyua ukurasa, akauweka mbele ya jicho lake, akatuchungulia. Yule ambaye uso wake ulionekana ndani ya tundu, huyo ndiye alipaswa kulijaza. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na hakuna aliyejua nani aliiweka.

Tukajaza. Lakini tulijaza kwa haya.

Wa kwanza alikuwa bibi yangu mzaa mama. Mimi nilikuwa mdogo, nimelala mapajani mwake, naye akinitafuta chawa ambao sikuwa nao, kwa mapenzi tu. Msomaji wa siku hizo akasoma, "Akainama, akambusu..." akachungulia, akampata bibi. Bibi akaona mabinti wapo, wakwe wapo, akatazama huku na huku, macho yake yakaangukia jikoni.

"Birika," akasema. "Akambusu birika lake."

Tulicheka. Nasema tulicheka! Mmoja aliangusha kikombe, mwingine alitoka nje akashike ukuta. Kicheko kile ninakikosa leo kama ninavyowakosa waliokicheka. Toka siku hiyo shingo ikawa birika. Kifua kikawa vikombe. Tumbo likawa sinia, kiuno kikawa kinu, mapaja yakawa mbuzi ya kukunia nazi, Mungu atusamehe. Riwaya za huzuni kuu, za wanawake waliofungiwa, waliosubiri, waliopenda wasipopendwa, sisi tulizimaliza tukiwa tumeshika mbavu.

Kosa letu lilikuwa hilo. Sisi tulijua kuwa ni mchezo. Mabinti waliokaa nyuma yetu hawakujua. Wao walidhani wanafundishwa. Bwana harusi mmoja aliondoka chumbani amechanganyikiwa, akamuuliza mama yake, "Mke wangu anasema birika linamuuma. Nimwite daktari au nimwite fundi?" Na hapo pia tulicheka.

Kisha mwili ukatii.

Ni hivyo tu ninavyoweza kusema. Mwili wa mwanamke ni msikivu. Ukiuita jina mara nyingi, mwisho unaitika. Bibi yangu ndiye aliyeanza. Ngozi yake ikalainika, ikang'aa, ikapoa. Ukimgonga bega kwa kucha alilia kama bakuli. Siku moja mwanawe, yaani mjomba wangu, alimnyanyua kwa mikono miwili, akampangusa, akamweka kidakani, katika kile kishimo cha ukutani cha kupangia vyombo vya thamani. Bakuli la samawati lenye ukingo uliomeguka kidogo. Nyumba nyingine zikafuata. Ikawa desturi: mwanamke akishazaa, akalea, akafiwa na mume, ngozi huanza kupoa, na mwanawe wa kiume humwandalia kidaka. Wageni wakija hutazama ukutani, wakasema, "Mashaallah, mna wanawake wazuri."

Na sisi huwapa kahawa.

Sasa nifike kwangu. Jina langu Thureya. Asubuhi ya Alhamisi hii ninayoieleza, nilikuwa bafuni, nikapitisha mkono wenye sabuni nyuma ya shingo, na vidole vikateleza. Nikagonga. Palilia. Sauti nzuri sana, ndefu, ya kitu kitupu.

Sikulia. Nilijikausha pole pole nisije nikajivunja.

Siku hiyohiyo kabla ya magharibi nilikuwa natakiwa kutoa jibu. Bwana Mbaruku alikuwa ameniposa. Bwana Mbaruku ni mshona kofia, mjane kama mimi, duka lake liko kwenye kona ambapo kila mtu wa mtaa wetu lazima apite. Sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Lakini mtu humjua mwenzake bila maneno. Nilimwona jinsi alivyohamisha benchi lake juani ili kivuli cha ukuta kiwe cha wapitao. Siku moja upepo ulininyang'anya ushungi hadi mabegani, na barabara nzima ikatazama, naye peke yake akageuka ukutani na sindano yake, akangoja mpaka nilipomaliza kujitanda. Kisha akasema kwa ukuta, si kwangu, "Upepo wa leo hauna adabu." Nilifika nyumbani nikitabasamu, nikajiuliza natabasamu nini mimi.

Aliyeleta posa alikuwa shoga yangu Shinuna, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Mtu anakutaka," aliniambia alipopita asubuhi ileile. "Macho yake mazima, meno yake karibu yote yapo. Unangoja malaika?"

"Nitampa jibu gani, Shinuna? Mimi mtu wa kidakani sasa."

"Jibu la kinywa chako. Mimi mshenga, sibebi jibu la vyombo."

Aliposema hivyo alikuwa akinikorogea sukari kwenye chai, kwa kuwa aliona kijiko nimekisahau mkononi. Hakusema kuwa ameona. Akakoroga tu.

Lakini maneno yake yalinikaa. Ndiyo yangu niiseme kwa kitu gani? Mtu husema ndiyo kwa kitu kinachotaka. Birika halitaki. Birika hutiwa. Kama ndani yangu hakuna tena kinachotaka, basi kumwambia mtu yule mwema ndiyo kungekuwa kumdanganya; na kama kipo, kiko wapi, na kinaitwaje?

Kabla ya alasiri akaja mwanangu Nassor. Mlango wa nyumba ile wakati mwingine ulikuwa mbali; siku hiyo alitembea muda mrefu kutoka kizingitini hadi kwangu, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyokua: akaingia mtoto wa kunyonya, akapita mvulana mwenye magoti yaliyochubuka, akafika mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Akanibusu mkono. Alishtuka kidogo kwa ubaridi wake, akajikaza asionyeshe.

"Mama, nimesikia habari za mshona kofia."

"Umesikia vizuri."

"Mtaa utasema nini? Watasema Nassor ameshindwa kumtunza mamake hadi anatafuta wa kumtunza."

"Sitafuti wa kunitunza, mwanangu. Umenitunza. Sijalala njaa hata siku moja mikononi mwako."

"Basi unatafuta nini?"

Nikafungua mdomo. Hapakuwa na neno. Palikuwa na tundu tu, safi, lililokatwa vizuri.

Akanishika kiwiko, akanipeleka ukutani. Karibu na bakuli la samawati alikuwa amesafisha kidaka kimoja. Vumbi lote alilitoa kwa mkono wake, Nassor ambaye tangu utotoni vumbi humpigisha chafya. Na chini alitandika kitambaa cha mahameli.

"Ili usikwaruzike," akasema. "Nitakuja baada ya kusali magharibi. Hutaona uzito, mama. Nitakunyanyua taratibu."

Sikuweza kumkasirikia. Alilia machozi ya kweli alipokuwa akitoka.

Nilipobaki peke yangu nilimtoa bibi yangu kidakani, nikampangusa, ingawa hakuwa na uchafu. Nikamuuliza, "Bibi, huko kukoje?"

Bakuli likasema, kwa sauti ya maji yanayozunguka chini ya chombo:

"Hakuna njaa huku. Hakuna vumbi, unapangusa vizuri, Mungu akubariki. Hakuna joto. Watu huja wakanisifu. Nilikuwa na... palikuwa na mahali, nyuma, chini ya nywele, babu yako alikuwa akipita nyuma yangu nikipepeta mchele, akipuliza hapo, mimi nikimwaga mchele wote. Mahali hapo paliitwaje? Jana, nadhani ilikuwa jana, mtu alinishika ukingoni na nikakumbuka kitu. Halafu akaniweka chini. Mchele wote, mjukuu wangu. Punje kwa punje tuliuokota, tukicheka. Paliitwaje?"

Nikamrudisha. Mikono yangu ililia ilipogusana naye, kauri juu ya kauri.

Alasiri ikaadhiniwa, wanawake wakaja, na mjukuu wangu Ghanima akaketi katikati na kitabu. Ghanima ni binti wa Nassor. Huniita bibi, nami humwita mke mwenzangu, kwa utani wa tangu akiwa tumboni. Amesoma Kiarabu hadi kikamwingia ndotoni. Na hajui kilichokatwa. Amekulia ndani ya vyombo. Vitabu vyote alivyosoma vilikuwa na madirisha.

Akaanza. Riwaya ilikuwa ya mwanamke wa mji mmoja wa mbali, mjane, ambaye wanawe wamehamia nchi za baridi. Asubuhi moja anatoka kuoga, anafunga mlango kwa ufunguo ingawa hakuna mtu mwingine nyumbani, anasimama mbele ya kioo. Ghanima alisoma taratibu. Hata Shinuna aliacha kutafuna.

"'Akafuta mvuke kwenye kioo kwa kiganja,'" Ghanima akasoma. "'Akajitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyozaliwa. Hakuna mtu aliyemgusa kwa miaka mingi, lakini alijua, na hakuona haya kujua, kwamba bado alitamani kuguswa...'"

Hapo palikuwa na tundu. Kubwa kuliko yote.

Ghanima akanyanyua ukurasa. Nikaliona jicho lake likizunguka ndani ya karatasi, jicho jeusi la baba yake, likapita kwa Shinuna, likapita kwa wengine, likatulia kwangu.

"Bibi," akasema. "Ni wewe."

Ulimi wangu wenyewe ukaliendea neno birika, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Nilihisi ukingo wake mdomoni. Na wakati uleule nikahisi ubaridi ukishuka kutoka shingoni hadi mgongoni, na nikajua kwamba nikilisema mara hii moja tu, nitakuwa nimekwisha.

Nikalimeza.

Hapo ukumbi ukageuka. Au mimi ndiye niliyegeuka. Nilikuwa chumbani, chumba cha bibi harusi, kuta zimepakwa chokaa mpya, nami nimekaa kwenye mkeka, na somo wangu, mwanamke aliyenifunda, ananisugua singo. Vipande vya waridi, karafuu, liwa, vinabanduka ngozini kama makombo ya mkate mtamu, na kila vinapobanduka ngozi ya chini inaamka na kuuliza, nani huyo? Somo ananiambia fanya hivi, mfanyie hivi, yeye atapenda hivi. Yeye, yeye, yeye. Hakuna aliyeniambia mimi nitapenda nini. Si kwa ubaya. Hata yeye hakuambiwa.

Kisha mlango mmoja mbele, ni mchana wa fungate. Marehemu mume wangu Humud, siku za mwanzo, aliona ninavyotetemeka, akakaa mbali, akamenya chungwa. Alinipa kipande kimoja kimoja, na kwa kila kipande alinihadithia mtu mmoja wa ukoo wao mwenye kioja, mpaka chungwa likaisha na hofu ikaisha. Halafu akasinzia, maskini, mdomo wazi. Nami nikakaa namtazama. Nje mtu alikuwa akitwanga kahawa. Kikuba cha asumini nilichobandika kifuani kilikuwa kimeanza kunyauka, na asumini ikinyauka ndipo hunukia zaidi. Na mimi, si yeye, mimi, bila kufundishwa na mtu, nilisogea nikageuka, nikazipandisha nywele zangu kwa mkono, nikauleta mwili wangu mwenyewe mpaka pumzi yake ikawa inanipiga pale nilipotaka. Pumzi ya mtu aliyelala. Hakujua. Mpaka anakufa sikumwambia. Ilikuwa yangu.

"Bibi?" Ghanima akaita. Alikuwa bado ameshika ukurasa, mkono umeanza kuchoka.

"Kisogo," nikasema.

Hakuna aliyecheka.

"Andika, au usiandike, lakini sema. Alitamani kuguswa kisogoni. Hapa." Nikavua ushungi, nikainamisha kichwa, nikawaonyesha mahali palipo chini ya nywele, penye shimo dogo. "Hapa pana vinyweleo ambavyo haviwi mvi. Mtu akipuliza hapa, magoti hayana kazi. Na alitamani kuguswa tumboni, ambapo ngozi imelegea kwa watoto, kwa sababu pale palipolegea ndipo panaposikia zaidi. Na mapajani. Na maziwa yake, ambayo yamelala sasa, lakini kulala si kufa. Na alitaka yeye. Hakungoja atakwe. Alitaka."

Kila neno lilitoka na sauti ndogo, kama barafu inayotiwa chai. Nikapeleka vidole nyuma ya shingo. Ngozi. Ngozi kuukuu, yenye mikunjo, yenye jasho.

Shinuna ndiye aliyesema kwanza.

"Ewe Thureya! Miaka yote hii tumekaa mkeka mmoja, mimi nakudhania una birika!"

Ndipo tukacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa na machozi ndani yake, na mwanamke mmoja alijishika kiuno kwa mikono miwili, akakiita kwa jina lake, taratibu, kama anayeamsha mtoto.

Ghanima hakucheka. Alikuwa ameweka kitabu chini. Mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe hadi nyuma ya shingo yake, ukasimama pale.

"Kumbe pana jina," akasema. "Nilidhani ni mimi tu. Nilidhani nina ugonjwa."

Nikamvuta, nikamlaza mapajani. "Huna ugonjwa, mke mwenzangu. Una mwili. Si wa kwangu, si wa babako, si wa atakayekuja kukuposa. Atakayekuja atakaribishwa, kama ukitaka kumkaribisha."

Nilipoinua macho, Nassor alikuwa mlangoni. Alikuwa amewahi, magharibi ilikuwa haijaadhiniwa. Mikono yake ameinua mbele, imefunguka, imejiandaa kubeba kitu chepesi kinachovunjika. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Masikio yake yalikuwa mekundu kama siku alipovunja kioo cha jirani akiwa mdogo.

Wanawake wakajitanda. Mimi sikujitanda, nilichelewa tu, na baadaye nikaona sina haja, ni mwanangu.

"Uliniuliza natafuta nini," nikamwambia. "Wakati ule sikuwa na neno. Sasa ninalo, lakini umelisikia, na sitalirudia nisije nikakuua kwa aibu."

Akatazama mikono yake. Akaishusha. Hakujua aiweke wapi, basi akaikunja nyuma kama mwanafunzi.

"Umeshasema jibu?" akauliza.

"Bado. Nilikuwa nakungoja. Sikutaka ulisikie barabarani."

Nikamgeukia Shinuna. Moyo wangu ulipiga kwa nguvu. Niliusikia, na sauti yake haikuwa ya kauri.

"Mwambie Bwana Mbaruku nimekubali. Mwambie mimi si mtu wa kukaa na kutazamwa. Mwambie mimi hulala upande wa dirishani, na siuachi upande huo kwa mtu. Na umwambie mapema, asije akasema amedanganywa, kwamba miguu yangu ni baridi sana, na usiku nitamwekea yote miwili mgongoni."

Nassor alikuwa ameelekea ukutani, ametupa mgongo. Mabega yake yalitikisika, na sisi sote tukadhani analia. Kisha tukasikia sauti yake, nzito, ya chini, ikihangaika kati ya kilio na kitu kingine.

"Baba alikuwa akipiga kelele," akasema. "Mimi nasikia chumba cha pili. 'Thureya! Miguu hiyo umeitoa kaburini?'"

"Na mimi nikimjibu nini?"

"Unamjibu, 'Basi ipashe moto.'"

Shinuna alikuwa tayari mlangoni, buibui begani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Nassor, baba," akasema, "njoo unisindikize dukani. Habari kama hii siwezi kuibeba peke yangu, nitaimwaga njiani."

Nassor akasimama kidogo. Akanijia, akainama, akanibusu mkono kama anavyonibusu siku zote, na mara hii hakushtuka. Kisha akatoka naye, na kutoka ukumbini nilimsikia akimuuliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu neno jipya, soksi za sufu hupatikana wapi katika mji huu wa joto.